Siku Cucu Alipotupeleka Thika Kununua Kaseti ya Gemu

Enzi zetu gemu haikushuka kutoka hewani. Ilikuwa kitu cha kushika mkononi, kaseti ya plastiki kubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia, na ukiichomeka kwenye mashine ikakataa kuwaka, uliichomoa, ukaipuliza kwa pumzi yako yote, ukairudisha, ukamwomba Mungu. Nyinyi mliozaliwa juzi hamwezi kuelewa. Nyinyi mnabonyeza kidole gemu inakuja, haiwapendezi, mnaifuta kabla chai haijapoa, mnabonyeza nyingine. Sisi tulipata kaseti moja, na hiyo moja ilikuwa ndoa. Ikiwa mbaya unakaa na ubaya wake mpaka unauzoea. Kwa hivyo kuchagua gemu ya kununua haikuwa mchezo hata kidogo, na siku tuliyoenda kuchagua yetu, nyanya yangu alifunga kitambaa chake cha kanisani, akachukua kiondo, kikapu chake cha sokoni, akatangaza kwamba anakuja nasi.

Ngoja nianze vizuri. Mimi ni Nyambura, na nyanya yangu pia alikuwa Nyambura, kwa sababu kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Tulimwita Cucu, kama Wakikuyu wote wanavyowaita nyanya zao. Nyumbani kwetu kulikuwa Thika, karibu na kiwanda cha nguo alichofanyia kazi Baba, lakini shule zikifungwa tu, mimi na ndugu yangu Kahiga tulipelekwa Ruiru kwa Cucu na kuachwa huko likizo nzima. Woi, Ruiru ile! Tulicheza kati, ule mchezo wa kumlenga aliye katikati, na mpira wa karatasi za nailoni mpaka miguu ikawa na rangi ya barabara. Wasichana tuliruka bladda, ile kamba ya mpira, wavulana walipiga bano, yaani gololi, kwenye vumbi wakishikana mashati. Njaa ikiuma tulikimbilia kwa Cucu, na Cucu hakukosa kitu: ngwaci, yaani viazi vitamu, za kuchemsha asubuhi, githeri ya mahindi na maharagwe iliyokaangwa na vitunguu mchana, na juu ya githeri avokado iliyopondwa, kwa maana avokado ndizo alizouza sokoni, pamoja na viazi. Hata leo nikinusa vitunguu vikianza kuiva kwenye mafuta, natafuta sahani.

Sasa, Cucu alikuwa na TV. Ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, imefungiwa ndani ya kabati lake la mbao lenye milango miwili na kufuli, na juu yake kitambaa alichokishona mwenyewe kwa uzi wa rangi saba. Ufunguo ulikaa kiunoni mwake. Na mjomba mmoja wa Nairobi, Mungu ambariki, alikuwa ametuletea mashine ya gemu yenye kontrola mbili na kaseti moja ya vifaru vya vita. Mashine ilikaa kwa Cucu kwa sababu ndiko TV ilikokuwa. Likizo ya Agosti, wakati baridi ya Ruiru inapoingia mpaka kwenye mifupa na manyunyu hayakatiki, jiko la makaa linawekwa katikati ya nyumba, blanketi mabegani, TV inafunguliwa kufuli... Nawaambia ukweli, sijawahi tena kuwa tajiri kiasi hicho.

Shida ilikuwa moja. Vifaru vile vilichezwa na mtu mmoja mmoja. Wa kwanza anacheza mpaka anakufa, wa pili anangoja. Na Kahiga hakujua kungoja. Alinifinya, alivuta waya, alipita mbele ya TV akijifanya anatafuta kiatu. Mimi nami zamu yangu ya kungoja ikifika, nilimpulizia masikioni. Tulipigana. Siku moja aliniuma bega, na Baba alipokuja Jumamosi akaona alama za meno, akasema maneno ambayo tuliyajua kwa moyo likizo nzima: "Nikipata mmepigana tena kwa sababu ya hii takataka, inaenda Nakuru kwa binamu zenu, na haitarudi."

Baba hakuwa mtu wa kutisha bure. Baiskeli ilikuwa imeshaenda Nakuru namna hiyo hiyo.

Halafu, kama vile hiyo haitoshi, kaseti ikafa. Tuliipuliza mpaka tukaona nyota. Tuliisugua kwa pindo la sweta. Mwishowe Kahiga, ambaye leo ni baba wa watu na anavaa tai, akaamua kwamba kaseti ni chafu. Aliichukua nje kwenye karai, akaiosha kwa sabuni ya kipande, akaisuuza vizuri, akaianika kwenye seng'enge kando ya soksi zake za shule. Ilikauka. Iling'aa. Ilinukia kama shati la Jumapili. Haikuwaka tena mpaka leo.

Tulilia kama waliofiwa. Jumamosi Baba alipofika, tulimwangukia miguuni tukiomba kaseti nyingine, na nafikiri alichoka kusikia kelele, kwa sababu alikubali. "Moja," akasema. "Mtamwambia Cucu awapeleke Thika mkachague. Lakini sikizeni. Likizo ikiisha nitakuja hapa na nitamuuliza Cucu maswali mawili. Mmepigana? Mmechoka nayo, imekaa ikikusanya vumbi? Akisema ndiyo kwa lolote, mashine naibeba siku hiyo hiyo. Tumeelewana, mami?" Aliyekuwa akimwita mami ni mimi, kwa vile nilibeba jina la mama yake, na akiniita hivyo nilijua mzigo ni wangu. Nikasema tumeelewana.

Basi hiyo wiki hatukulala vizuri. Kila mtoto wa Ruiru alikuwa daktari wa kaseti, na kila mmoja alikuwa na ushauri wake. Usinunue ya manjano, za manjano hufa haraka. Nunua nzito, nyepesi hazina kitu ndani. Angalia picha, picha ikiwa na moto gemu ni kali. Usiangalie picha, picha ni ya uongo, binamu yangu alinunua yenye simba akakuta ndani ni mtu anapanga matofali. Uliza ukifa unarudishwa wapi, kwa sababu kuna gemu ukikanyaga jiwe dogo tu unarudishwa mwanzo kabisa, na huo ni ushetani. Kahiga alikuwa ameshaamua. Alitaka kaseti ya "mia na hamsini kwa moja", yaani gemu mia na hamsini ndani ya plastiki moja. Hesabu yake ilikuwa rahisi: tutachokaje na vitu mia na hamsini? Mimi nilitaka joka. Sikujua kama kuna kaseti ya joka, lakini nilikuwa nimeota joka na sikuona sababu ya kuota kitu kisichouzwa Thika.

Ndipo Cucu akasema anakuja kuchagua pia. Tulijaribu kumwambia akae tu pale mlangoni atulipie. "Mimi nimenunua viazi tangu kabla ya baba yenu kuzaliwa," akasema, "na hakuna mtu ameniuzia gunia bila kunionyesha chini yake." Kahiga akaninong'oneza kwamba tumekwisha.

Duka lilikuwa la fundi wa redio mmoja anayeitwa Salimu, nyuma ya soko la Thika, mtu mpole wa kofia nyeupe, aliyezungukwa na redio zilizopasuliwa matumbo. Kwenye rafu ya juu alikuwa amezipanga kaseti, nyeusi, kijivu na za manjano, na chini yake TV ndogo ya rangi. Ya rangi! Kahiga alishika mkono wangu bila kujua. "Shikamoo, mama," Salimu akamwambia Cucu. "Marahaba, kijana wangu. Hawa watoto wanataka kaseti. Zako ni za lini?" Salimu akasema zimekuja majuzi. Cucu akaguna vile anavyoguna sokoni mtu akimwambia nyanya ni za leo.

Halafu akaanza kazi. Alichukua kaseti ya kwanza, akaipima uzito mkononi, akaigeuza, akainusa. Kisha, mbele ya wateja wengine, akaileta sikioni na kuitikisa, kwa sababu avokado iliyoiva ukiitikisa mbegu hugonga ndani. Kitu kikagonga. "Hii imeiva sana," akasema, akairudisha. Akatikisa ya pili, kimya. "Hii bado." Nilitamani ardhi inimeze pale pale. Salimu alikuwa amegeukia ukuta, na mabega yake yalikuwa yakitetemeka. Lakini ngoja niwaambie, ile iliyogonga Salimu aliifungua baadaye, skrubu moja ilikuwa imetoka inazunguka ndani, na akamwambia Cucu ahsante.

Kahiga hakuweza kungoja. Akaelekeza kidole: "Ile! Mia na hamsini kwa moja!" Salimu akaichomeka. Sheria ya duka ilikuwa kuonja kidogo tu, unaona gemu inavyoanza, basi, mwingine aonje. Ikatokea orodha ndefu, Kahiga akafungua ya kwanza: magari. Ya pili: pikipiki. Ya tatu: ndege za vita. Kahiga alikuwa akiruka kwa mguu mmoja. Cucu akavuta kigoda, akakaa, akaweka kiondo katikati ya miguu. "Mwanangu," akamwambia Salimu, "sasa nionyeshe ya chini."

"Ya chini, mama?"

"Chini ya gunia. Hizi za juu zote ni nzuri, nimeona. Nataka ile ya mwisho kabisa."

Salimu akajikuna kidevu. Akateremsha orodha, ikateremka, ikateremka, mpaka mwisho, akafungua. Magari. Yale yale magari ya kwanza, ila sasa yamepakwa kijani. Akapanda juu kidogo: pikipiki zile zile, usiku. Ndege zile zile, lakini unaanza ukiwa tayari umebakisha roho moja. Cucu akapiga makofi mara moja. "Haiya! Viazi vizuri juu, vilivyokatwa na jembe chini!" Salimu naye akacheka, akasema mama, hata mimi nimeuziwa hivyo hivyo. Mia na hamsini ya Kahiga ilikuwa imeisha ikabaki tatu.

Msifikiri basi Cucu alikuwa mjuzi wa gemu, hapana. Kwa sababu aliyoipenda yeye, aliyoishika akakataa kuiachilia, ilikuwa ya kuku. Nasema kuku. Kuku mmoja anatembea shambani anaokota mahindi. Hakuna adui, hakuna kuruka, kuku anaokota, anashiba, anataga. "Angalia vile ananenepa!" Cucu akasema, na uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtoto. "Kakuku kazuri kweli!" Mimi na Kahiga tukatazamana kwa hofu kubwa. Tulikuwa tunaona Nakuru. Tulikuwa tunaona mashine ikipakiwa kwenye gunia, kwa sababu kuku yule angetuchosha kabla ya Jumatano.

Mimi nami nilikuwa nimemwona joka. Alikuwepo! Kwenye kaseti nyeusi, mwekundu, anatema moto, mabawa mpaka pembeni ya karatasi. Nikaichukua. Salimu akasema hiyo ni ya mtu mmoja, na ni ngumu, watu huirudisha. Sikumsikia vizuri. Nilikuwa na mapenzi.

"Kabla hamjaamua," akasema Salimu, pengine akitaka tu tuondoke dukani, "oneni hii." Akachomeka kaseti ya kijivu isiyo na picha, karatasi ilikuwa imebanduka. Ikawaka. Nyumba ya ghorofa inaungua, na mbele yake wazima moto wawili wadogo wenye kofia kubwa, na ngazi. Ni hayo tu. Mmoja anashika ngazi chini, anaisogeza huku na huku, na mwingine anapanda kuokoa watu madirishani. Wa chini akiachilia, wa juu anaanguka chapu juu ya mchanga na miguu yake inabaki hewani. Ilionekana ya watoto wadogo sana. Kahiga akachukua kontrola moja, mimi nikachukua nyingine, kwa heshima tu ya yule fundi.

Nilipanda. Kahiga akashika. "Kushoto!" nikampigia kelele. Akaenda kulia. Nikaanguka chapu. Tukacheka. Nikapanda tena. "Shika, shika, usiachilie!" Nikamfikia mzee mmoja dirisha la kwanza, nikamshusha. "Sasa juu, kuna mama amebeba mtoto!" Kahiga alikuwa amepiga magoti, ulimi nje, anasukuma ngazi kwa mwili wake wote kama kwamba kontrola haitoshi. Nikapanda, moto ukaja dirisha la kati, nikangoja, ukapita, nikapanda tena, nikanyoosha mkono...

Stima ikapotea.

TV ikafa. Redio zote za duka zikanyamaza. Huko nje sokoni watu wakaguna kwa pamoja, vile Thika nzima ilivyoguna stima ikienda, na Salimu akasema ikienda saa hiyo hairudi mpaka jioni. Basi kuonja kumeisha. Cucu akanyanyuka, akakung'uta sketi. "Mimi nasema kuku," akasema. "Lakini watakaocheza ni nyinyi, na baba yenu ataniuliza mimi, na mimi siwezi kumdanganya mtoto wangu. Kwa hivyo Nyambura, wewe ndiye mkubwa. Sema."

Nilisimama pale gizani nikiwa nimeshika joka langu. Jamani, lilikuwa zuri. Nilifikiria nitakavyolionyesha shuleni, nitakavyotembea. Nikafikiria pia Kahiga akingoja zamu yake nyuma ya bega langu, na meno yake. Nikamgeukia. Alikuwa bado amepiga magoti mbele ya TV iliyokufa, kontrola mkononi, anabonyeza.

"Nyambu," akasema bila kuniangalia, "yule mama wa dirishani. Tungemfikia?"

Nililiweka joka chini. Moyo uliniuma, sitawaficha, uliniuma kabisa. "Tupatie hiyo ya ngazi," nikasema.

Nyumbani tukagundua kwamba kwenye TV ya Cucu moto ni wa kijivu, watu ni wa kijivu, na moshi pia ni wa kijivu, hivi kwamba mara nyingi tulimwokoa moshi tukamwacha mtu. Hatukujali. Kelele zetu zilisikika mpaka barabarani. "Shika!" "Nimeshika!" "Umeachilia!" "Wewe ndiye umekanyaga hewa!" Wenzetu walijaa mlangoni, wengine wamekaa kwenye madebe, na kila mtu alikuwa mkubwa wa zima moto kwa mdomo. Tuligombana, ndiyo, lakini yalikuwa magomvi ya watu wanaotaka kitu kimoja. Hakuna aliyemuuma mwenzake, kwani ukimuuma nani atakushikia ngazi? Yule mama wa dirishani tulimfikia siku ya kwanza, na Kahiga alikimbia nje kwenye manyunyu akizunguka nyumba nzima bila shati.

Halafu Kahiga akapata matubwitubwi. Mashavu yalivimba mpaka macho yakawa mistari, na Cucu akamfunga kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini kama zawadi ya harusi. Akalazwa kwenye kochi, haruhusiwi kutoka kwenye blanketi. Wenzetu wote wakakatazwa kuingia wasije wakaambukizwa, na mimi, kwa kuwa nilishaugua zamani, nikabaki. Nikawasha mashine. Nikapanda ngazi. Hakuna wa kushika. Chapu! Nikajaribu kushika kontrola zote mbili, moja kwa mikono, moja kwa vidole vya miguu. Chapu! Hapo ndipo nilipoelewa. Hiyo gemu haikuwa na njia yoyote ya kuchezwa na mtu mmoja. Ingekaa hapo chini ya kitambaa cha rangi saba ikikusanya vumbi mpaka Baba aje, na Cucu hawezi kudanganya. Joka ningelicheza peke yangu. Hata kuku ningemcheza peke yangu! Nilikaa nikalia kimyakimya, na Kahiga ndani ya kitambaa chake akalia pia, na kulia kulimuuma mashavu, akalia zaidi.

Cucu alikuwa akichagua maharagwe kwenye uteo. Akaweka uteo kando, akafuta mikono kwa leso, akaja akakaa kwenye kigoda karibu nami.

"Leta hiyo," akasema. "Nibonyeze wapi?"

Nikamwonyesha. Huku unaenda hivi, huku hivi, na hapa ndipo unaposhikia, usitoe kidole. Akaishika ile kontrola kwa mikono miwili kama anayemshika kuku shingo asimtoroke. Na alishika! Mungu wangu, Cucu alishika. Hakujua kukimbia haraka, lakini kuachilia pia hakujua. "Panda, mwanangu, nipo," alisema. "Polepole. Hapo kuna moto. Hapo pia. Huyo mzee mchukue lakini mwambie aache kiti." Kahiga kwenye kochi alikuwa akitoa amri kwa mikono kwa sababu taya hazifunguki. Akina mama wa kanisa walikuja kwa mkutano wa Alhamisi, wakaambiwa wakae, wanyamaze, kuna watu ghorofani. Wakakaa. Mmoja akaanza kusali kwa sauti kila nilipokaribia dirisha, na sitasema ilisaidia, lakini haikuharibu.

Siku ya mwisho ya likizo ilikuwa Jumamosi. Tulijua Baba anakuja, tulikuwa tumefagia mpaka uani, lakini Cucu alisema tumalizie jengo moja tu kabla hajafika. Lilikuwa lile refu, la mwisho, ambalo hata mimi na Kahiga hatukuwa tumewahi kulimaliza. Hatukusikia mlango. Nilikuwa nimepita moto wa chini, nimepita wa kati, nimebakisha dirisha la juu kabisa lenye ajuza mmoja anayepunga mkono, na ngazi ikaanza kutikisika kama inavyotikisika ukiwa juu sana. Nikasikia harufu ya koti lililonyeshewa, halafu sauti ya Baba nyuma yetu.

"Mama. Nimekuja kwa ajili ya ile mashine."

Cucu hakugeuza hata shingo.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mtoto yuko juu ya ngazi."

Baba akangoja. Alisimama hapo na maji yakimchuruzika kutoka kwenye koti mpaka sakafuni, na hakuna aliyemkaribisha kiti, na yeye hakukiomba. Nilimfikia ajuza. Nikamshusha, dirisha baada ya dirisha, na mikono ya Cucu ilikuwa imekaza mpaka mishipa imetokeza. Miguu yangu ilipogusa chini muziki ukalia ambao hatukuwa tumewahi kuusikia, na Kahiga akatoka kwenye blanketi akiwa na kitambaa chake kichwani akapiga kelele ambayo lazima ilimuuma vibaya sana. Nilimkumbatia Cucu.

Baba akakohoa. "Mama, wamepigana?"

"Wamepigiana kelele. Mimi pia nimewapigia."

"Wamechoka nayo?"

Cucu akanyanyuka polepole, akanyoosha mgongo, akachukua mkono wa mwanawe akamwekea kontrola kiganjani. "Shika hii," akasema. "Usitoe kidole hapo. Githeri yangu inaungua." Akaenda jikoni.

Baba aliangalia ile kontrola. Akaniangalia mimi. Kisha akavua koti, akakaa kwenye kigoda cha Cucu, magoti yakamfika kifuani. Mashine haikuenda Nakuru. Sikumbuki tulikula saa ngapi siku hiyo, nakumbuka tu kwamba Baba alikuwa mbaya sana, aliniangusha ovyo, na kila aliponiangusha alisema ni waya.

Cucu alituacha miaka mingi iliyopita. Ruiru imejaa maghorofa ya kweli, na pale tulipopigia bano kuna duka la simu lenye vioo. Kijana wangu ana miaka kumi na minne, na mwezi uliopita alikuwa akichagua gemu. Hakutoka hata kitandani. Aliangalia nyota ambazo watu asiowajua wameipa, akaangalia video ya mtu mwingine akiicheza, na nikamuuliza swali ambalo nilidhani ni la maana kuliko yote.

"Hiyo inachezwa na watu wangapi?"

"Wengi sana, mathe! Kuna msee wa Brazili, kuna wa Japani, dunia yote iko ndani." Alikuwa na vitu masikioni, na mlango ulikuwa umefungwa, na mimi nilikuwa nimebisha mara mbili kabla hajanisikia.

"Na sisi wa hapa nyumbani?"

Akacheka, si kwa ubaya, wanacheka tu hivyo. "Mathe, wewe hujui hizi vitu. Ukiingia utafanya nini?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia asogee tu kidogo, nikae, anionyeshe nibonyeze wapi. Alinitazama kama anayengoja niseme ni utani. Kisha akachomoa kile kitu cha sikio moja, akasogea.